Tusimwachie Fundi Peke Yake

Parokia ikitaka kutunza video za mahubiri na misa za upadrisho kwenye seva yake yenyewe, PeerTube inafaa: ni programu huria ya shirika la Kifaransa Framasoft, iliyotoka rasmi mwaka 2018. Lakini diski ikijaa, usafi hufanywa kwa amri za kuandika. Amri ya prune-storage hutafuta mafaili yasiyotambuliwa na hifadhidata, kisha huomba ruhusa ya kuyafuta. Mashine haijui kama ni taka au ni mahubiri ya marehemu paroko, hutii tu. Fundi naye akihama, nani atajibu? Majandokasisi tujifunze amri hizi. Tuweke nakala kwanza, tukague, ndipo tukubali. Huo nao ni uwakili.