Viwanja Vinne kwa Siku Moja

Najua Desemba ikifika kila mtu yuko bize na hesabu za likizo. Krismasi kwa wazazi wa mume, siku ya pili yake kwa wazazi wa mke, tarehe 28 harusi ya binamu, mkesha wa mwaka mpya Zanzibar, tarehe 2 ofisini. Ukimuuliza mtu atapumzika lini, anakushangaa! Wala sikucheki, maana mimi ndiye mwalimu mkuu wa mambo hayo. Leo nataka nikusimulie siku ambayo mimi na mume wangu tulizunguka viwanja vinne vya burudani kabla ya usiku wa manane, na jinsi tulivyonusurika kurudi nyumbani kila mtu na njia yake.

Kwanza nikupe picha ya ndoa yetu. Mimi niko Dar es Salaam, kwenye jarida hili. Mwenzangu yuko Moshi tangu 2022, alipopata kazi ya mkataba huko. Sisi ni wale watu wa ndoa ya wikiendi. Anaingia Ijumaa usiku amechoka na basi, Jumapili alfajiri anaondoka. Katikati hapo tunabanana: fundi wa bomba aje, kadi za michango zijibiwe, mama mkwe atembelewe, mtoto apigwe picha na baba yake. Mapenzi nayo yanapewa nafasi kama kuna muda umebaki. Na mara nyingi haubaki.

Dada yangu anaishi Orlando, Marekani, na kwa miaka mingi alikuwa akituita. Tukajichanga karibu miaka miwili, viza zikatoka, Desemba 2024 tukaruka na mtoto wetu wa miezi 10. Orlando ndiko ilipo Walt Disney World, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100 lenye viwanja vinne vikubwa: Magic Kingdom, kilichofunguliwa 1971, EPCOT cha 1982, Hollywood Studios cha 1989 na Animal Kingdom cha 1998. Kila kimoja peke yake kinakula siku nzima. Ila ipo tiketi inayokuruhusu kuhama kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine siku hiyohiyo, na msimu ule wa sikukuu ilikuwa zaidi ya dola 200 kwa mtu mmoja. Bajeti yetu iliruhusu siku moja tu. Mtu mwenye akili angechagua kiwanja kimoja akatulia. Mimi nikasema haiwezekani nisafiri siku nzima angani halafu nirudi nimeona robo!

Nikakaa chini nikatengeneza ratiba, dakika kwa dakika, kama ile ninayowapa waandishi wangu tunapofunga toleo. Dada akaiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Mdogo wangu, hii ni tarehe 27 Desemba. Kati ya Krismasi na mwaka mpya huku ni watu juu ya watu." Nikamwambia anishikie mtoto tu, mengine aniachie.

Asubuhi bado giza, tuko kwenye gari. Mume wangu akanigeukia. "Mama watoto, kuna jambo nataka tuongee." Nikamjibu bila kuinua macho kwenye simu, "Baba, jioni. Tukichelewa foleni ya kwanza siku yote imeharibika." Akanyamaza.

Tulianza na Animal Kingdom. Ndani yake kuna kijiji kizima cha Afrika Mashariki ya kuigiza, kinaitwa Harambe. Jamani, nilicheka! Kuta zimetengenezwa zionekane zimechakaa kwa jua la pwani, Kiswahili kila kona. Kibanda cha vitafunio kinaitwa Tamu Tamu, duka linaitwa Mombasa Marketplace. Watu wanasema "jambo" kwa furaha kweli, na sisi wawili tunapita tunasoma mabango kama tuko Kariakoo.

Kivutio kikubwa cha hapo ni Kilimanjaro Safaris. Unapandishwa lori la wazi, unazungushwa kama dakika 18 katikati ya twiga, tembo, faru na simba, wote hai. Mlima haupo, lakini wanyama wapo. Nikiwa napiga picha, mume wangu akaniinamia sikioni. "Unajua hii ni mara ya ngapi unakuja Kilimanjaro?"

"Subiri, nisimkose huyu twiga."

"Ya tatu," akasema. "Mbili ulikuja kwangu, na hii." Alisema kwa utani. Nami nikacheka kidogo, nikarudi kwenye twiga wangu.

Saa 5 asubuhi tuko kwenye basi la kwenda Hollywood Studios. Nimechelewa kwa dakika 40 kwenye ratiba na roho inaniuma. Huko kuna jengo la hoteli ya kutisha, Tower of Terror, la tangu 1994, ambamo unakaa kwenye lifti inayoporomoka na wewe ndani. Bango la nje lilisema dakika 110 za kusubiri. Zamani kulikuwa na njia ya mkato ya bure, ilianza 1999. Tangu 2021 njia hiyo ni ya kulipia, na bajeti yetu ilishafika ukingoni. Tukapanga foleni kama wengine.

Sasa, msomaji wangu, dakika 110 umesimama na mtu mmoja, hakuna mgeni wa kupokea, hakuna mtoto wa kunyonyesha. Kwangu ilikuwa nafasi ya kuangalia foleni za EPCOT kwenye simu. Kwake ilikuwa nafasi ya mwisho.

"Wameniongezea mkataba," akasema. "Miaka mitatu."

Nikainua macho. "Lini?"

"Tarehe 10. Wanataka jibu tukirudi."

"Tarehe 10? Leo ni 27! Unakuja kuniambia leo, kwenye foleni ya lifti?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Tarehe 10 usiku nilikupigia. Ukasema unafunga toleo la Januari. Uwanja wa ndege nikaanza, ukasema tusubiri mtoto alale. Leo kwenye gari umesema jioni. Mama watoto, mimi nimesubiri kuliko hawa wote walioko kwenye hii foleni."

Hapo ndipo mke mwenye busara angemshika mkono. Mimi nikasema neno ambalo hadi leo naona aibu kuliandika. "Basi saini. Si umeshazoea kuishi bila sisi?"

Hakunijibu. Tulipoingia kwenye ile lifti ikaporomoka, watu walipiga kelele mpaka wengine machozi. Nadhani ni sisi wawili tu tulioshuka hadi chini kimya.

Ratiba lakini haikujua kama tumenuniana! Ilisema EPCOT, tukaenda EPCOT. Kutoka pale unapanda vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vilivyoanza 2019. Tulikaa na mzee mmoja na mkewe, wamevaa fulana za Krismasi zinazofanana. Mama yule akatuomba simu atupige picha. Tukasogeleana, tukatabasamu, akatupiga. Picha hiyo niliiweka mtandaoni usiku uleule na pongezi zikamiminika. "Mnapendeza!" "Mungu awatunze!" Ukiiona utasema ndoa ndiyo hii. Kwa hiyo siku ukiona picha za watu za likizo ukaanza kumnunia wako, nikumbuke mimi.

Vile vibanda vinakuingiza EPCOT kwa mlango wa nyuma, kati ya Ufaransa na Uingereza. Namaanisha sehemu zilizojengwa kwa mfano wa nchi hizo. Ziko 11, zimezunguka ziwa. Njia fupi ya kwenda mbele ni kupitia Uingereza na Kanada. Ratiba yangu ilisema tuzunguke njia ndefu, na hakuna aliyekuwa tayari kufungua mdomo kuibadilisha. Basi bwana, tukatembea Ufaransa, Moroko, Japani, Marekani, Italia, Ujerumani, China, Norwe na Meksiko. Nchi tisa bila neno! Kwaya inaimba nyimbo za Krismasi, harufu za vyakula vya kila aina, taa kila mti, na sisi tunapita kama watu waliotoka msibani.

Ila kuna kitu kimoja. Tulipofika Ujerumani viatu vilikuwa vimenikata, nachechemea. Mume wangu akauchukua mkoba wangu mzito begani mwangu, akaubeba yeye. Hakuniangalia usoni. Alibeba tu, mpaka Meksiko.

Jioni tukapanda treni ya juu kwa juu hadi kituo cha kubadilishia usafiri wa kwenda Magic Kingdom. Hapo unachagua: treni nyingine au kivuko cha kuvuka ziwa. Ratiba ilisema treni. Mimi nikaona kile kivuko kimejaa watu wamesimama ukingoni, nikasema kwa sauti ndogo, "Kama Kigamboni." Lilikuwa neno langu la kwanza tangu Hollywood Studios.

"Bila machungwa ya kumenya," akajibu.

Tukapanda kivuko. Upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi, akanivalisha koti lake. Kabla ya kufika katikati nikamwomba msamaha kwa lile neno. Nilidhani atasema yaishe. Akasema, "Mimi sijazoea kuishi bila nyie. Nimezoea kutowasumbua. Kila nikipiga simu nasikia uko mbio, nasema basi, kesho. Juzi hapa nimemnyanyua mtoto akalia mpaka dada yako akamchukua. Nikapiga hesabu. Nikimaliza huo mkataba atakuwa anakaribia miaka minne."

Kivuko kilifika, watu wakashuka mbio kuwahi geti. Sisi tukakaa kwenye benchi pale ukingoni. Ndipo nilipomuuliza swali ambalo kwa miaka miwili na kitu sikuwahi kumuuliza: wewe mwenyewe unataka nini? Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Nilijua mambo ambayo mke hatakiwi kuyajua kwa kuchelewa vile. Kwamba Jumapili akiondoka hulala njia nzima ili asifikirie. Kwamba kazi anaipenda kweli, na anaona haya kuniambia anaipenda, nisije nikadhani ameichagua badala yetu. Na mimi nikamwambia kwamba ratiba zangu nyingi ni woga. Nikiacha siku moja tupu, naogopa tutakaa tuangaliane tukose cha kusema.

Tukiwa bado tumekaa, fataki zikaanza kulipuka upande wa kasri la Magic Kingdom. Kwenye ratiba yangu, saa hiyo tulitakiwa tuwe mbele kabisa ya kasri. Tuliziangalia kutoka kwenye benchi.

Sasa usidhani hatukuingia! Hela ilishalipwa, bwana. Tuliingia saa 4 kasoro usiku. Hatukupanda hata kitu kimoja. Tulinunua aiskrimu moja kwa vijiko viwili, tukakaa tunaangalia watoto wa watu wamelala mabegani mwa baba zao. Kwa hiyo viwanja vinne nilivitimiza, lakini ukiniuliza mchezo gani ulikuwa bomba siku hiyo, nitakuambia ni kivuko, ambacho ni cha bure.

Mnataka kujua iliishaje. Tuliporudi, mume wangu aliomba mkataba wa mwaka mmoja badala ya mitatu, wakamkubalia. Mimi nikaomba ofisini wiki moja ya kila mwezi nifanye kazi nikiwa Moshi, na mtoto nimbebe. Sikudanganyi kwamba tumemaliza. Nauli zinatuuma, na kuna miezi wiki hiyo inamezwa na kazi. Lakini mtoto halii tena akinyanyuliwa na baba yake. Siku hizi analia akishushwa.

Kwa hiyo wewe unayepanga likizo mwezi huu, kama ni Orlando, chagua kiwanja kimoja, viwili mwisho, na tarehe zilizo mbali na Krismasi kama unaweza. Kama ni Zanzibar, au kijijini kwa wakwe, vilevile punguza. Acha siku moja haina kitu. Na mwenzako akikuambia "kuna jambo nataka tuongee", weka simu chini umsikilize saa hiyohiyo, hata kama twiga anapita.

Ukurasa huu nimeuandika Moshi. Mlima umejifunika mawingu tangu juzi, sijauona hata kidogo, na wala sina ratiba ya kuuona.

Heri ya sikukuu, tukutane mwezi ujao.