Noeli si ya siku moja

Leo, Dominika ya Nne ya Majilio, tumewasha mshumaa wa mwisho, na sokoni kuku amekwisha kupanda bei. Naomba tuzungumze habari ya sufuria. Wapo wanaodhani kwamba Noeli ikikaribia padre aseme mambo ya roho tu, lakini huyo tunayemngoja alizaliwa Bethlehemu, jina lenye maana ya nyumba ya mkate, akalazwa katika hori, mahali ng'ombe wanapolia chakula.

Kanisa halikatazi kula vizuri. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, watu waliokuwa wakilia waliambiwa waende wakale vinono na kunywa vitamu, tena wampelekee sehemu yule asiyeandaliwa kitu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo tunayoisahau.

Tazama huku kwetu. Geita, duara likitema mwezi Desemba, fedha huingia asubuhi na kutoka usiku. Baba anaagiza nyama choma na bia kwa meza nzima ya watu asiowajua, na nyumbani watoto wanapata soda na biskuti ili wajue kuwa ni sikukuu. Shinyanga hatuna dhahabu kila kijiji, ila tuna mpunga, na gunia linauzwa ili zipatikane nguo mpya, nauli na kreti za soda. Desemba ni mwezi wa jembe. Mavuno yako mbali, Mei na kuendelea. Kwa hiyo gunia hilo ni chakula cha Februari, wakati mama analima akiwa na mtoto mgongoni na kihenge kinatoa mwangwi.

Matunda yake yanaonekana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mkoani Geita karibu watoto 39 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni 30. Mkoa wa dhahabu! Udumavu una sababu nyingi, nao hauletwi na sikukuu moja. Lakini nyumba inayokula siku moja kama ya tajiri na miezi mitatu kama ya mkimbizi inauchangia, na mtoto wa miaka miwili hawezi kuweka akiba ya pilau tumboni. Anahitaji yai, dagaa wa ziwa letu, karanga, maziwa, mboga za majani, kila juma. Nsansa na michembe tunavyovionea haya mbele ya wageni wa kutoka mjini ni chakula cha heshima. Viwekwe mezani hata tarehe 25.

Kwa wachimbaji nina neno la pembeni. Haraka ya kupata fedha ya sikukuu huwafanya wengine wachomee dhahabu yenye zebaki nyumbani, hata kwa kikaango cha familia. Mvuke wake hauna harufu, nao huumiza ubongo wa mtoto, hasa aliye bado tumboni mwa mama yake. Chombo kilichoguswa na zebaki hakirudi jikoni, hata ukisugue kwa majivu kutwa nzima.

Sasa, mbona tunakula yote siku moja? Liturujia yenyewe haituharakishi. Noeli ina oktava, siku nane hadi tarehe 1 Januari, Sherehe ya Maria Mtakatifu Mama wa Mungu, na kipindi chake huendelea hadi Ubatizo wa Bwana. Mwenye kuku watatu anaweza kuchinja mmoja Noeli, mwingine Familia Takatifu, na wa tatu akaendelea kutaga. Yoshua bin Sira alikwisha kuonya, mwishoni mwa sura ya 37, kwamba ulafi umeua wengi.

Wenye presha na kisukari, dawa haina likizo. Najua wanaoziacha siku hiyo ili wanywe kwa amani. Januari tunawapelekea Mpako wa Wagonjwa. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe asiliwe hata kama bei ni ya kutupa, maana kimeta hakijui sikukuu. Na pilau iliyolala kwenye sufuria katika joto hili usimpe mtoto asubuhi.

Paulo aliwakemea Wakorinto kwa sababu katika kusanyiko lao mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa. Siku hizi hali hiyo huonekana ndani ya nyumba moja: anayepika tangu alfajiri ndiye anayekula ukoko. Baba, tarehe 25 mpakulie mama wa watoto wako kwanza, akae. Na wiki hii, kabla hujapakia gunia kwenye baiskeli kwenda gulioni, muulize yamebaki mangapi. Yeye anajua hesabu hiyo.