Bima ya kioo cha gari: tusiufiche ufa



Wenye magari wa Kwa Mrombo, jijini Arusha, wanaifahamu fika adha ya kokoto. Lori la changarawe hupita, jiwe dogo huruka, na kioo cha mbele cha gari linalofuata hupata ufa. Ufa huo, hata ukiwa mdogo, husambaa kwa mitikisiko ya barabara na kwa baridi ya asubuhi inayofuatiwa na jua kali. Gari hilo ndilo linalowapeleka watoto shule na madrasa. Kuliacha na kioo kibovu ni kuhatarisha roho zao.

Suala linalobaki ni nani atalipa. Hapo ndipo familia nyingi hugundua kuwa hazikuuelewa mkataba wao. Bima ya lazima kisheria, ile ya mtu wa tatu ambayo wengi huiita bima ndogo, hufidia madhara waliyopata wengine kutokana na gari lako. Haikilipii kioo chako. Kioo hulipiwa na bima kubwa, tena aghalabu kwa kiwango kilichotajwa mkatabani. Gharama ikizidi hapo, ziada ni ya mwenye gari.

Kutoelewa huko kumefungua mlango wa hila. Yupo anayekaa na bima ndogo mpaka kioo kipasuke, kisha akakata bima kubwa na kudai kimepasuka jana. Yupo pia anayepatana na fundi aandike bei ya juu ili wagawane kinachozidi. Hujitetea kuwa kampuni ni tajiri, na kwamba wamelipa miaka mingi bila kupata chochote.

Utetezi huo haufai. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni aliingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini imelowa. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamkemea kwa kutoiweka juu watu waione, na akajitenga na mwenye kughushi. Ufa unaofichwa una tofauti gani na nafaka ile? Aidha, fedha anazolipwa mwongo hutokana na michango ya wenzake, na madai ya uongo yakizidi, ada hupanda kwa wote.

Wapo wanaosema kuwa bima ya kibiashara yenyewe ina utata katika sheria ya Kiislamu. Ni kweli kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Jeddah Desemba 1985, lilipinga bima ya kibiashara kwa sababu ya gharar iliyomo, likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Hata hivyo, utata wa mkataba hauhalalishi wizi. Mwenye shaka atafute takaful, ambayo wanachama wake huchangia mfuko wa kusaidiana. Kenya ilipata kampuni ya takaful iliyoanza kazi mwaka 2011. Kwetu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na Shirika la Bima la Zanzibar limeanzisha huduma hiyo.

Hivyo basi, mzazi asome mkataba kabla ya kulipa, na aulize kiwango cha kioo ni kiasi gani. Kioo kikipasuka, akipige picha, atoe taarifa mapema, wala asikibadilishe kabla hakijakaguliwa. Tarehe na bei ziandikwe kama zilivyo. Akinyimwa haki katika dai la kweli, aanze kwa kuilalamikia kampuni yenyewe, kisha aende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Kioo kipya hununuliwa. Mtoto aliyemsikia baba yake akipanga uongo na fundi amefundishwa somo ambalo madrasa itachukua miaka kulifuta.

Wabillahi tawfiq.