HESABU ZA NYUMBANI: Ngozi ya Bomba



Fundi akikuambia, "Miguu ya tangi yahitaji lita nne za rangi," utajuaje kama ndivyo? Yakupasa kujua ukubwa wa ngozi ya bomba. Si jambo gumu. Baba, mama na watoto wa shule waweza kulifanya pamoja.

Tazameni mkeka uliokunjwa kwa kuviringishwa. Ukisimamishwa ni mviringo kama bomba. Ukitandikwa ni mstatili. Ngozi ya bomba nayo ni vivyo hivyo. Upande mmoja ni urefu wa bomba, upande wa pili ni mzingo wake. Zidisha huu kwa ule, nawe umepata eneo la nje.

Mzingo hupimwa kwa kamba: izungushe bomba mara moja, kisha inyoshe juu ya futi. Kama unajua kipenyo tu, yaani upana wa bomba ukipita katikati, kizidishe kwa 3.14.

Sasa twende kwa mfano. Katika Dar es Salaam, huko Temeke na Kinondoni, watu wengi huweka tangi la maji juu ya miguu ya chuma. Hewa ya bahari ina chumvi, na chuma kisichopakwa rangi huliwa na kutu upesi. Tuseme miguu ni minne, kila mmoja ni bomba la mita 3, na kipenyo chake sentimita 10, yaani mita 0.10.

Mzingo: 3.14 × 0.10 = mita 0.314.
Mguu mmoja: 0.314 × 3 = mita za mraba 0.942.
Miguu minne: 0.942 × 4 = mita za mraba 3.77, kwa kukadiria.

Ukipaka mara mbili ni mita za mraba 7.54. Someni maandishi ya mkebe. Kama yasema lita moja yatosha mita za mraba 10, basi lita moja yatosha na kubaki. Lita nne za nini?

Jihadharini na kosa moja. Vitabu vya shule hufundisha 2 × 3.14 × nusu kipenyo × urefu. Anayeweka kipenyo kizima mahali pa nusu hupata eneo maradufu, na gharama maradufu.

Kanuni hii yatosha hata kwa bomba kubwa. Katika miaka ya 2010 lililazwa bomba la chuma kutoka mtambo wa maji wa Ruvu Chini hadi kwenye matangi ya kilima cha Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Kipenyo chake ni mita 1.8, urefu wake kilomita 56 hivi. Pigeni hesabu: ngozi yake ya nje yafika mita za mraba 316,000, yaani shamba la ekari 78! Yote hayo yataka kukingwa na kutu. Hapo kosa dogo la hesabu ni fedha nyingi.

Basi, kabla ya kutoa fedha ya nyumba au ya kigango, chukueni kamba mpime. Amri ya Saba yamhusu fundi anayezidisha lita. Nasi tusimwite mwizi kabla ya kupima. Huenda amekosea tu. Mpigieni hesabu mbele yake, kwa upole.