Bonde lisichimbwe kabla halijasomwa



Hapa Kampene swali linarudi kila mara: tuachie wachimbaji wa dhahabu bonde, ao tulime mpunga? Tunaona jambo moja linasahaulika.

Mutu aliyechimba bwawa la samaki anajua udongo wa bonde umepangwa. Juu kuna udongo mweusi, chini yake udongo wa mfinyanzi, kisha mchanga na changarawe. Mchanga mzito unaonyesha maji makali yalipita. Udongo laini unaonyesha maji yalituama. Makaa yanaonyesha moto, pengine wa mashamba ya wazee wetu. Anayesoma vizuri anajua wapi mafuriko yanarudi na wapi mpunga utasimama.

Wataalamu nao wanasoma hivyo. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Kule chini maji hayana hewa, hakuna wadudu wa kuchimbua tope, kwa hiyo tabaka zinabaki zilivyoshuka. Mwaka 2010 watafiti walitangaza, kutokana na tope hilo, kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto kupita miaka 1,500 iliyotangulia. Lakini pale tope lilipoporomoka kutoka mteremkoni, zamani na sasa vinachanganyika, na msomaji anaweza kudanganyika.

Kwetu maporomoko hayo tunayafanya wenyewe kwa sururu. Dhahabu inalala katika changarawe ya chini. Mchimbaji anaitoa, anaiosha, anaimwaga juu. Cha zamani kinalalia cha jana, udongo mweusi unazikwa, na matope yanashuka kufunika shamba la jirani. Kesho mtoto wetu atachimba pale na kusoma uongo, tena atavuna kidogo.

Hatusemi dhahabu iachwe. Inalipa masomo ya watoto wengi. Tunasema koperative isitoe bonde bila masharti matatu. Kwanza, tuchimbe shimo la kupima, wazee waangalie, na katibu aandike kila tabaka na urefu wake katika daftari. Pili, udongo mweusi uwekwe pembeni, na shimo lijazwe kwa mpango: changarawe chini, udongo mweusi juu. Tatu, maji ya kuoshea yatulie kwanza katika kidimbwi kabla ya kushuka mtoni.

Asiyekubali hayo sherti atafute bonde lingine. Tulijadili kwenye mkutano ujao, kabla ya sururu ya kwanza kupigwa.