Mgomba Usio na Mbegu

Mkungu wa ndizi ushushwapo melini bandarini Mwanza, baada ya kusafiri usiku kucha kutoka Bukoba, huenda safari yake haikuanzia Bukoba. Huenda umetoka ndani zaidi, Karagwe, au Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ambako nyumba isiyozungukwa na migomba huonekana kama kambi ya mpita njia. Jumapili hii, kabla mama hajaviweka vyote chunguni, nakuomba uikate ndizi moja uitazame ndani. Hutaona mbegu. Utaona vijidoa vyeusi tu, hafifu, alama ya mbegu ambazo mmea wenyewe umekwisha kuzisahau.

Kukosa mbegu huko ndiko kulikoificha historia ya zao hili. Wataalamu wa mambo ya kale wanapotafuta mwanzo wa kilimo, hutegemea sana moto na uzembe wa wapishi. Punje iliyodondoka mekoni, ikaungua bila kuwa jivu, yaweza kulala udongoni maelfu ya miaka. Udongo wa meko ya kale hutiwa majini. Mkaa na punje huelea, hukusanywa kwa chekeche laini, hukaushwa, kisha hutazamwa kwa darubini. Kwa njia hiyo, chini ya mwamba wa Kakapel katika Kaunti ya Busia, nchini Kenya, zimepatikana kunde zenye umri wa miaka ipatayo 2,300, kama ilivyotangazwa mwaka 2024. Ulezi pia umepatikana hapo, nao ni mtoto halisi wa nyanda za juu za Afrika, ijapokuwa siku hizi mjini tunaukumbuka tu kunapokuwa na uji wa mtoto.

Lakini ndizi haina punje ya kuungua. Ganda huoza, na shina lake, lililojaa maji, halidumu. Maandishi nayo hayatusaidii: Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861 tu, wakati wenyeji walikwisha kula ndizi vizazi visivyohesabika.

Kilichobaki ni vumbi. Mgomba, unapofyonza maji ya ardhini, hufyonza pia madini yale yale yanayofanya mchanga na kioo, na kuyagandisha ndani ya majani yake kuwa vijiwe vidogo visivyoonekana kwa macho. Jani huoza, kijiwe hubaki. Cha mgomba kina umbo la kilima chenye shimo kileleni, mithili ya mlima wa volkano. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza kwamba wamevipata vijiwe hivyo katika matope ya kinamasi huko Munsa, magharibi ya Uganda, katika tabaka lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Wenzao walishtuka, kwani ndizi si mmea wa asili ya Afrika. Ulianza kulimwa pande za Guinea Mpya na visiwa vya Asia, na huko Kuk, katika milima ya Guinea Mpya, umri wa kilimo chake unakaribia miaka 7,000. Je, ulivuka bahari mapema kiasi hicho? Wapo wanaosema matabaka ya Munsa yalichanganyika. Mimi naungana na wenye shaka, mpaka kinamasi kingine kitoe ushahidi wa namna hiyo. Na vinamasi havikosekani katika bonde la mto Kagera.

(Na yale maharage tunayoyapika pamoja na ndizi? Hayo yalitoka Amerika, baada ya mwaka 1492. Sufuria moja, bahari mbili.)

Jambo lisilo na shaka kubwa ni hili: ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, pamoja na tofauti zao zote, zinakaribia kuwa mmea mmoja. Uchunguzi wa nasaba yake, uliochapishwa mwaka 2016, uliona kwamba zinatokana na shina moja la kale. Mgomba hauzai, hutoa machipukizi. Chipukizi moja lilipobadilika kidogo, mkulima aliyelitambua alilitenga, akalipa jina: Enshakala, Entobe, Enchoncho. Hapakuwa na maabara, ila jicho la mwenye shamba na mkono wa jirani aliyepewa.

Lakini ndugu wa damu moja huugua ugonjwa mmoja. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulionekana mkoani Kagera. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani huoza. Aina zetu za kupika hazina kinga nao. Husambazwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na panga lililotoka mgomba mgonjwa, na pia chipukizi lenye sura ya uzima. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu, na kulipitisha panga motoni.

Basi ukienda likizo, na shangazi akakufungia machipukizi mawili ukayapande uani kwako, yapokee kwa mikono miwili. Kisha muulize, kwa adabu, kama shamba lake limewahi kunyauka. Hatachukia; huenda mwenyewe amekwisha kung'oa nusu yake.