Mwongozaji si Mfagiaji wa Jukwaa

Mwezi uliopita mwongozaji alikata beti kumi na mbili katika tamthilia yangu ya kishairi. Hakuniuliza kwanza. Ni binti ambaye umri wake haujafika nusu ya wangu. Alinikabidhi mswada uliojaa wino mwekundu, akaniamkia "Shikamoo, Mwalimu," kisha akaketi kungoja hasira zangu. Nilipowasimulia malenga wenzangu, walinijibu kwa kauli moja: ondoa kazi yako, huyo ni mwizi. Mmoja wao, ninayemheshimu kwa umri na kwa utunzi, aliongeza kwamba mtunzi ndiye mwenye nyumba na mwongozaji ni mfagiaji. Kazi yake ni kuhakikisha waigizaji wanaingia kwa mlango uliotajwa na kutamka kilichoandikwa, basi.

Sikuiondoa. Na kwa kuwa kauli hiyo ya mfagiaji nimeisikia tangu nikiwa mwanachuo wa ualimu, nami niliiamini kwa miaka mingi kwa hasara ya wanafunzi wangu, naomba niipinge hapa bila kumung'unya maneno.

Kwanza jina lenyewe. Wako wanaomwita mkurugenzi, neno ambalo siku hizi linanukia ofisi na mihuri. Ndugu zetu wa Kenya husema mwelekezi, nami sina ugomvi nao. Lakini nashikilia mwongozaji, kwa kuwa neno hilo ni ndugu wa kiongozi, na misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa na kirongozi, mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi kwa sababu aliijua njia. Kirongozi hakuwa mwenye mali. Shanga na vitambaa vilikuwa vya tajiri. Hata hivyo, tajiri aliyebishana naye kuhusu mahali pa kuteka maji alijitafutia kiu, yeye na mali yake.

Sasa niungame. Nikiwa mwalimu kijana, miaka ya themanini, niliongoza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969. Niliijua tamthilia ile kama nijuavyo kiganja changu: nilikuwa nimeifundisha, nimetunga maswali yake ya mtihani, nimeyasahihisha. Nikadhani hayo yanatosha. Kizazi changu kililelewa na ngonjera, sanaa aliyoieneza Mathias Mnyampala, ambamo pande mbili hujibizana mpaka asiyejua akubali. Tulifundishwa kusimama wima, kupaza sauti na kunyanyua mkono mwishoni mwa mstari. Ngonjera zina adabu yake na sizibezi. Ila mimi niliwapanga Wamatumbi na Wangindo wa Hussein mistari miwili kama wanafunzi gwarideni, nikawaamuru wapaze sauti. Kinjeketile wangu alitoka mtoni akipiga kelele, akashuku akipiga kelele, akafungwa akipiga kelele. Watu walishangilia sana. Nililala usingizi mzuri.

Asubuhi yake mlinzi wa shule, mzee ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la sekondari, aliniuliza: "Mwalimu, yule bwana wa jana, mwisho wake aliyaamini yale maji au hakuyaamini?"

Sikuwa na jibu. Ubaya zaidi, sikuwa nimejua kwamba nilipaswa kuwa nalo. Ndani ya tamthilia ile Kinjeketile anatambua kwamba yale aliyoyanena akiwa amepagawa, kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yanaweza kuwa utumwa mwingine uliovishwa joho la ukombozi. Lakini neno limekwisha kutoka, limekua, limemzidi mwenyewe. Akiwa kifungoni anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwafikiria watakaokuja baadaye. Je, anakataa akiwa mtu anayeamini, au mtu asiyeamini tena lakini anayeona kwamba imani ya watu wake ina thamani kuliko ukweli wake yeye? Maneno ni yaleyale. Kukataa ni mbili. Lazima mtu aamue shaka inaingia mwilini mwa mwigizaji katika onyesho gani, kabla ya neno gani, na kwa kimya cha kiasi gani. Mtunzi ameandika neno. Kimya hakuweza kukiandika chote. Yule mzee aliniuliza swali la mwongozaji, mimi niliyeitwa mwongozaji nikiwa nimeshughulika na kuazima mikuki.

Malenga wenzangu hupenda kunikumbusha kisa cha Anton Chekhov. Tamthilia yake ya mwisho, ile ya bustani ya micheri, ilionyeshwa Moscow Januari 1904. Yeye aliiita komedi. Mwongozaji wake, Konstantin Stanislavski, aliiona tanzia. Chekhov alikasirika, na mwezi Julai mwaka uleule akafariki. Kisa ni cha kweli, nami simtetei Stanislavski kwa hilo. Lakini mbona hawasimulii nusu ya pili? Mwaka 1896, mjini St Petersburg, tamthilia nyingine ya Chekhov, ile ya shakwe, ilifanyiwa mazoezi ya harakaharaka, ikazomewa usiku wa kwanza, na mtunzi akaapa kuachana na jukwaa. Mwaka 1898 Stanislavski na mwenzake Nemirovich-Danchenko waliichukua tamthilia hiyohiyo, wakaifanyia mazoezi ya muda mrefu, ikawa fahari ya ukumbi wao. Kilichobadilika si mtunzi.

Sisi wa Kiswahili tunamhitaji mtu huyu kuliko wengi, na sababu imo ndani ya lugha yetu. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu katika kila neno, na shairi la mizani kumi na sita lina kituo katikati. Mtoto aliyefundishwa kughani hukifuata kituo hicho kama basi lifuatavyo vituo vyake, awepo abiria asiwepo. Katika kughani, hiyo ni raha ya sikio. Jukwaani, mama anayemwomba mwanawe asiondoke hawezi kutua kila baada ya mizani minane kungoja kina. Maana inataka kuvuka, kituo kinamvuta nyuma. Nani ataamua kina kipi kisikike na kipi kifichwe ndani ya pumzi? Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alitumia mashairi yasiyo na vina. Ukisoma kitandani, mistari ile inatiririka. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili bila mwongozaji, utasikia hotuba ya mgeni rasmi.

Na tusijidanganye kwamba kitabu kinatosha. Nimefundisha tamthilia kwa miaka zaidi ya thelathini. Nimesahihisha majibu yasiyo na idadi kuhusu Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, ambayo ina karani wa sensa anayelewa pombe na mapenzi mpaka karatasi za serikali zinateketea. Inachekesha na inauma. Wanafunzi wangu waliandika kwamba dhamira kuu ni uzembe, wakapata alama zao. Darasani hapakuwa na aliyecheka. Kosa lilikuwa langu: niliwapa mswada nikauita tamthilia.

Hayo hayampi mwongozaji ruhusa ya kila kitu, na hapa nawageukia waongozaji wenyewe. Nilialikwa wakati fulani kwenye mashindano ya maigizo ya shule. Mzee wa tamthilia, ambaye mtunzi alimpa Kiswahili cha busara na mafumbo, alivuliwa maneno yake yote na kuvishwa vichekesho vya vijiweni. Ukumbi ulivunjika mbavu. Nilipomfuata mwongozaji nyuma ya pazia, alinijibu kwamba watoto wa siku hizi hawakielewi Kiswahili kizito. Kama hawakielewi, kazi yake ilikuwa kumwongoza mwigizaji mpaka kieleweke, kwa jicho, kwa mkono, kwa mwendo. Alichokifanya ni kuikimbia kazi hiyo, kisha akaipa mbio zake jina la ubunifu. Mwongozaji anaweza kukata, kwa sababu na kwa majadiliano. Kubandika maneno yake mdomoni mwa mhusika wa mwingine, huo ndio wizi mnaonionya nao, ndugu zangu, na hapo tutakuwa pamoja.

Nirudi kwa binti yangu wa wino mwekundu. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda mazoezini, nikaketi nyuma, nikafunga mswada. Katika onyesho la pili mama anaikunja kanga ya bintiye aliyefariki, anaifungua, anaikunja tena. Baada ya hapo mimi nilikuwa nimemwandikia beti nne za kueleza uchungu wake. "Mwalimu," mwongozaji aliniambia, "akishaikunja mara ya pili, sisi tumeshalia. Wewe ndiyo kwanza unaanza kutueleza." Moja ya beti hizo nilikesha usiku mzima kuitafutia kina cha -ngwa. Kilikuwa kina kizuri. Hakikuwa na kazi pale.

Nimehesabu upya. Kati ya zile kumi na mbili, tisa alikuwa na haki, nami nimezifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Tatu zilizobaki ni za mdogo wa marehemu, anapomjibu baba mbele ya wazee. Zikiondoka, msichana yule anabaki bubu katika ugomvi unaomhusu yeye kuliko wote, na onyesho la nne halina pa kuanzia. Nimemwandikia mwongozaji sababu zangu kurasa mbili. Amejibu kwa ufupi kwamba niende Jumamosi, mwigizaji atalisema onyesho lile mara mbili, pamoja na beti hizo na bila hizo, tusikilize.